Nilivyochemka kununua bodi yangu ya kwanza ya kusefu

Mama aliiona kwenye simu ya video, imesimama pembeni ya kabati, akaniuliza mwanangu hiyo mbao ya kupigia pasi mbona haina miguu. Nikacheka, nikamwambia mama hiyo ni bodi ya kusefu, ya kupandia mawimbi. Akakaa kimya kidogo afu akauliza shilingi ngapi. Hapo nikamwambia mtandao unakata.

Ilikuwa randi 2,200, kama laki tatu za kibongo kwa bei ya wakati ule, na hiyo ni bodi tupu. Kabla mambo hayajaisha nilikuwa nimeshamwaga karibu mara mbili ya hiyo, nimeshonwa kidevu nyuzi tatu, na sijapanda wimbi hata moja la maana. Kuna vijana wawili watatu wa nyumbani wamefika huku Cape Town wakanifuata kuniuliza nianze na bodi gani kaka, sa badala ya kurudia kila siku naweka yote hapa, na aibu zangu ndani.

Nilikuja kusoma, miaka miwili, nikapanga chumba mtaa wa Observatory. Mimi ni mtoto wa Dar, Kinondoni, utoto wangu Jumapili ni Coco Beach, tunabebwa na mawimbi kwa tumbo, ukiokota kipande cha mbao ndo umekuwa mfalme. Kwa hiyo Jumamosi ya kwanza nilipopanda treni ya kwenda Simon's Town nikashuka Muizenberg, nikatoka stesheni na kuona bahari ipo pale pale, vile vibanda vya rangi rangi vya kubadilishia nguo, na watu kama mia wamelala juu ya bodi wanasubiri mawimbi, nikajiambia hii yangu. Maji ninayajua, kuogelea ninajua, nini tena.

Kosa la kwanza ndo hilo. Kujua kuogelea kunakusaidia usife. Kusefu ni kitu kingine kabisa.

Na hata maji yenyewe sikuyajua. Nilimpigia picha mama nikamwambia niko kwenye bahari ile ile yetu, kumbe wapi. Ile ghuba, False Bay, watu wengi wanaihesabu Bahari ya Hindi kwa sababu maji yake yana afadhali kuliko upande wa pili wa mlima, lakini kwenye ramani mpaka wa bahari mbili uko mbele zaidi, Cape Agulhas, kwa hiyo pale bado ni Atlantiki. Na mwezi wa saba Atlantiki haina utani, maji yanacheza kwenye nyuzi 14 hivi. Dar ukiyakuta maji ya bomba ya baridi kiasi hicho unamwita fundi.

Nilianza vizuri lakini, nikiri. Nililipia somo moja la kikundi, saa moja na nusu, randi 350 na bodi na wetisuti ndani, lile vazi la mpira la kubana la kuzuia baridi. Wakatupa yale mabodi makubwa ya bluu ya sponji, futi 9, mapana kama mlango, mazito kiasi kwamba unabeba na mwenzako mmoja mbele mmoja nyuma. Mwalimu anakushikia kwenye povu, pale wimbi limeshavunjika, maji ya kiunoni, wimbi likija anakusukuma anapiga kelele nyanyuka! Nikanyanyuka. Mara ya tano nikasimama kabisa, nikateleza mpaka mchangani, nikashuka kama mtu anayeshuka kwenye daladala. Watu wakapiga makofi.

Sa hapa ndo akili yangu ilipoharibika. Nilisimama kwa sababu ya ile bodi na kwa sababu nilisukumwa. Mimi nikadhani nimesimama kwa sababu ya kipaji.

Nikarudi nyumbani nimeiva tayari, kichwani kwangu. Nikaanza kuangalia wanaojua wanatumia nini. Wanaojua, pale nyuma kabisa, wana vibodi vifupi vyembamba vyenye ncha, wanavikwapia kwapani wanatembea navyo kama magazeti. Lile godoro la bluu wanabeba watoto na watalii. Kwa hiyo nikajiambia somo moja linatosha, hela ya kukodisha kila wiki naitupa, bora ninunue yangu nijifunzie. Na ikiwa ni ya kununua basi nisinunue godoro ambalo miezi mitatu mbele nitalikimbia.

Nikaipata kwenye matangazo ya vitu vya mtumba. Futi 6, nyeupe, mstari wa rangi ya chungwa katikati, ya epoksi, yaani ganda gumu juu na sponji ndani. Jamaa tukakutana kwenye maegesho ya supamaketi. Akaniuliza umeanza lini, nikamwambia "muda kidogo", uongo mtupu. Hakuniuliza nina kilo ngapi, na mimi sikumuuliza ina lita ngapi kwa sababu sikujua kama bodi zina lita. Nikaigeuza, nikaiangalia kama unavyoangalia shati, imenikaa, nikatoa hela. Kulikuwa na ufa mdogo pembeni, urefu wa kiberiti, akasema hiyo si kitu, unaziba mwenyewe. Nikaona nimelamba dume maana mpya zake ni mara tatu ya bei ile. Wazee walisema rahisi inavunja upishi na mimi nyumbani nimesikia hilo mara elfu, ila ukiwa umeshaipenda kitu masikio yanaziba.

Ngoja niseme kidogo kuhusu hizo lita maana hapa ndo penyewe, na hakuna aliyeniambia mpaka miezi miwili imepita.

Kila bodi ina ujazo, unapimwa kwa lita, mara nyingi umeandikwa chini ya bodi pamoja na urefu, upana na unene. Huo ujazo ndo unakubeba. Bodi yangu ilikuwa upana inchi 19, unene inchi mbili na robo, lita 29. Mimi nina kilo 84. Mtu anayeanza anatakiwa angalau lita zilingane na kilo zake, zikizidi ndo raha zaidi. Wale jamaa wa pale nyuma wanatumia lita thelathini kwa sababu wanajua wimbi litapanda wapi na wanakaa pale pale, wanapiga mikono mara tatu wamelipata. Mimi mwenye kilo 84 juu ya lita 29 ni sawa na kukaa juu ya dumu la mafuta lililojaa maji nusu, inazama mpaka maji yananifika kifuani nikiwa nimelala. Nimelala juu ya bodi, jamani, na bado nameza maji.

Na kingine, mkunjo. Ilaze bodi chini uangalie kwa pembeni. Ile fupi imejikunja mbele na nyuma kama mtumbwi, hiyo ni kwa ajili ya mawimbi yenye ukuta, yanayosimama wima haraka. Muizenberg mawimbi ni ya polepole, yanakuja yamelegea, yanavunjika taratibu kwa umbali mrefu, ndo maana wanaoanza wanapelekwa pale. Wimbi la hivyo linataka bodi ndefu iliyonyooka. Bodi iliyojikunja inasukuma maji mbele badala ya kupita juu yake, wimbi linakupita chini unabaki umelala unaliangalia likienda.

Hayo nayajua leo. Siku ile nilirudi nayo kwenye gari la kuitwa kwa simu, imepita katikati ya viti mpaka kwenye redio, dereva ananuna.

Nyumbani nikagundua haina mapezi, vile vibawa vya chini nyuma vinavyoishikilia bodi isiyumbe. Sehemu za kuchomekea zipo, mapezi yenyewe hakuna, na kamba ya kukufunga mguu na bodi hakuna, na mfuko hakuna. Nikaenda dukani nikanunua mapezi matatu, randi 600, nikarudi nayo, hayaingii. Kumbe kuna mifumo miwili mikubwa na haiingiliani, FCS inakuwa na vimeno viwili, Futures ina mguu mmoja mrefu, ukinunua ya huyu kwenye bodi ya yule ni mapambo. Dukani walinibadilishia kwa roho nzuri ila nauli ilishakwenda na siku ilishakwenda. Kamba randi 400. Wetisuti ya mtumba randi 900, milimita nne kifuani na tatu mikononi, hiyo angalau nilichagua vizuri.

Kuivaa sasa. Zipu niliweka mbele. Ndivyo jaketi zote duniani zilivyo, si ndiyo? Nikatembea hivyo kutoka maegesho mpaka majini, mama mmoja wa makamo akanisimamisha akaniambia kwa upole kijana wangu, zipu inakaa mgongoni. Nikarudi kubadili. Kuivua wetisuti uliyoivaa kinyume ni kazi ya kumchuna mbuzi ambaye ni wewe mwenyewe.

Na nta. Nilinunua kipande cha nta nikapaka chini ya bodi, kote, kwa bidii, nikidhani ni ya kuifanya iteleze. Nta ni ya juu, unapokanyaga, ili USITELEZE. Na zinatofautiana kwa joto la maji, ukipaka ya maji ya moto kwenye maji ya baridi inakuwa ngumu kama sabuni ya mche.

Wiki ya kwanza sikupata wimbi. Ya pili sikupata. Nilikwenda wikendi saba, nahesabu, wikendi saba nauli na baridi na mikono inauma mpaka Jumatatu siwezi kushika kalamu vizuri, na jumla ya mawimbi niliyosimama juu yake ni sifuri. Napiga mikono kama kuku aliyetumbukia pipani, wimbi linapita, nageuka, napiga tena, linapita. Watoto wa miaka tisa wananipita pembeni kwenye mabodi yao ya sponji wanacheka, hawanicheki mimi, wanacheka tu kwa raha, na hiyo inauma zaidi.

Kilichoniumiza zaidi sio mikono. Nilianza kuamini labda sio mchezo wa sisi. Niliangalia kule majini, siku nyingine nilikuwa mweusi peke yangu kwenye kundi la watu hamsini, nikajiambia basi hawa wamezaliwa nayo. Uongo. Ilikuwa bodi tu. Siku nyingine vijana weusi wa pale pale walikuwa wanasefu vizuri kuliko wote ufukweni, ila ukiwa umeshakata tamaa unaona unachotaka kuona.

Kuna siku king'ora kililia. Muizenberg wana watu wanaokaa juu mlimani na darubini wanaangalia papa, hiyo programu ipo tangu 2004, inaitwa Shark Spotters, na ufukweni wana bendera. Kijani maana yake wanaona vizuri na hakuna kitu, nyeusi maana yake hawaoni vizuri, nyekundu tahadhari, na nyeupe yenye picha ya papa maana yake ameonekana, tokeni wote. Soma bendera kabla hujalowa, kila siku, usiulize mtu. Sasa kililia na ile nyeupe ikapanda. Watu wote wakageuka, mawimbi mawili matatu wakawa mchangani. Mimi na lita zangu 29 napiga mikono, sisogei. Nilitoka wa mwisho kabisa, peke yangu, watu wamesimama ufukweni wananiangalia kama wanaangalia mpira wa penati. Papa mwenyewe alikuwa mbali na alishaenda zake, lakini nilisali sala zote ninazozijua na moja ya Kiarabu niliyoisikia kwa jirani yetu.

Wiki iliyofuata ndo kidevu. Hatimaye nikapata wimbi, au wimbi likanipata, sikumbuki, ncha ya bodi ikachimba chini, nikarushwa, nikaibuka, na bodi ambayo imevutwa na kamba ikarudi kwa hasira ikanikuta kidevuni. Nyuzi tatu. Hapa nisisitize: bodi ya faiba au epoksi ina ncha ngumu na mapezi makali, ukianguka mara arobaini kwa siku, na utaanguka mara arobaini, mara moja itakukuta. Au itamkuta mwenzio. Ukiibuka weka mkono juu ya kichwa kwanza ndo utoe uso.

Mwenzio ndo nusura. Kamba yangu ilikatika siku nyingine, niliinunua mpya lakini fupi, futi 5 kwenye bodi ya futi 6, na kwa kuwa nilikuwa naitupa bodi kila wimbi likija ilikuwa inavutwa kinoma. Bodi ikaondoka na povu peke yake kuelekea ufukweni ambako kuna watoto. Ilipita hatua mbili pembeni ya mtoto wa kike. Baba yake hakunitukana, aliniangalia tu. Ningependa angenitukana. Kwa hiyo kamba iwe na urefu wa bodi yako au izidi kidogo, unafunga mguu wa nyuma, na bodi usiitupe, ishikilie.

Sa ule ufa. Nao ulikuwa unakunywa maji taratibu, bodi imekuwa nzito, ukiibonyeza pale inatoa vipovu. Nikasema niuzibe. Nikaenda duka la vifaa vya ujenzi nikanunua kopo la rezini, ile ya kawaida ya poliesta wanayozibia maboti ya faiba, na kitambaa chake, randi 250. Nikakwangua, nikamimina. Nikaona inaingia. Nikaongeza. Inaingia. Nikasema mbona shimo linakula hivi, nikachungulia, ndani pamekuwa pango. Bodi za epoksi nyingi ndani zina sponji nyeupe ya polistirini, kama ya maboksi ya samaki, na rezini ya poliesta inaiyeyusha kama sukari kwenye chai. Bodi ya epoksi inazibwa kwa rezini ya epoksi, basi. Zile za zamani zenye sponji ya poliyurethani ndani zinakubali zote mbili. Na kabla ya kuziba uikaushe siku kadhaa, ufa ukiwa umeangalia chini.

Nikaipeleka kwenye duka moja pale karibu na ufukwe, wanaotengeneza, nikiwa na aibu kama mtu anayepeleka ngozi ya mbuzi wa jirani. Mzee mmoja pale, wa Cape Town hapo hapo, mvi mpaka nyusi, wote wanamwita anko na mimi nikamwita anko, akaigonga gonga, akaiweka chini. Hakunicheka. Akaniuliza kilo zako ngapi. Nikamwambia. Akaniuliza unasefu wapi. Nikamwonyesha kwa kidole, hapo tu mbele. Akaniuliza umeshasimama mara ngapi. Nikanyamaza.

Akaniambia kitu ambacho nakiweka hapa kwa maneno yangu maana Kiingereza chake kilikuwa na Kiafrikaansi ndani. Ukikaa majini saa moja, jumla ya muda uliosimama juu ya bodi, hata kama unajua, ni dakika chache sana. Muda mwingine wote umelala unapiga mikono au umekaa unasubiri. Wewe ulinunua bodi ya kusimamia. Nunua ya kulalia.

Ile ilinikaa. Kweli nilichagua bodi kwa kuwaza nitaonekanaje nikiwa nimesimama, au vibaya zaidi nitaonekanaje nikiwa nimeishika ufukweni.

Hakuniuzia kitu siku ile. Akaniambia mwezi mzima kodisha, kila wiki bodi tofauti, usinunue. Nikafanya. Nikajaribu futi 9, nikajaribu 8, nikajaribu 7. Ile ya 9 nilipata mawimbi sita siku ya kwanza, SITA, baada ya wikendi saba za sifuri, nikapiga kelele peke yangu majini. Ila kuigeuza ni kama kugeuza trela, na upepo wa kusini-mashariki ukivuma huku inakupeperusha barabarani na wewe umeishika. Ya 7 nilipata mawili na kuchoka. Ya 8 ilinikaa. Kwa hiyo kukodisha sio kutupa hela, ile randi 800 niliyotumia mwezi ule ndo pesa pekee kwenye hadithi hii ambayo ilinunua kitu.

Nikanunua ya sponji, futi 8, upana inchi 22 na nusu, lita 86, ya mtumba, randi 2,500 pamoja na mapezi na kamba. Safari hii niliikagua kama mtu anayenunua ng'ombe. Kwanza nikainyanyua, nikalinganisha na mpya ya saizi ile dukani, ikiwa nzito kuliko mwenzake imekunywa maji. Nikapitisha kiganja juu yote nikibonyeza, ukisikia panabonyea na kuachia, kama zulia lenye hewa chini, ngozi imeachana na sponji. Nikaigeuza nikatazama ile plastiki ya chini kama imefumuka pembeni. Nikatikisa mapezi moja moja, yakicheza muulize kwa nini. Nikaangalia mkunjo wa ajabu katikati, zikiwa zimewahi kuvunjika kile kijiti cha ndani kinachopita katikati kama uti wa mgongo, zinakuwa na mstari wa kukunjika, hiyo usichukue hata bure. Kwa za faiba na epoksi angalia madoa ya njano au kahawia kuzunguka nyufa, hayo ni maji yaliyoingia zamani. Vibonyeo vidogo vya visigino juu havina shida, huo ni uzee tu. Na usinunue gizani wala kwenye maegesho na mtu mwenye haraka.

Mwulize muuzaji kwa nini anauza. Wangu alisema mwanangu amekua anataka fupi. Huyo mtoto alikuwa amesimama pale pale, na alikuwa na misuli ya kuogopesha, nikaamini.

Wiki ya tatu na hiyo bodi nikapata wimbi ambalo halijavunjika, lile la kijani wenyewe wanavyosema, sijasukumwa na mtu, nimepiga mikono mwenyewe, nikasikia nyuma inanyanyuka na kelele yote ikakatika. Siwezi kueleza vizuri. Sekunde labda nane. Nilishuka nikakaa kwenye maji ya magotini nikachekelea kama chizi, yule mama wa zipu alikuwa pale, nadhani yuko pale kila siku, akaninyooshea dole gumba.

Wasichokuambia watu ni usafiri. Futi 8 ni karibu mita mbili na nusu. Kwenye teksi za abiria kumi na tano haiingii na ukijaribu konda anakutazama vibaya na ana haki. Chumba changu ilikuwa inaingia kwa kuilaza mshazari juu ya kitanda, ikilala yeye mimi silali. Mwisho nikapata duka linalohifadhi bodi kwa malipo ya mwezi, pale pale ufukweni, nikawa naenda na begi la wetisuti tu. Kama huna gari uliza hilo kwanza kabla hata ya kuchagua rangi, maana nimeona watu wamenunua bodi sahihi kabisa ikaishia kukaa nyuma ya mlango kwa sababu kuitoa ni vita.

Na mwenye gari asiiache ndani juani. Nilimwazima rafiki yangu Mkenya, wa Kilifi, mtu wa bahari kuliko mimi, akaiacha kwenye gari saa mbili mwezi wa kwanza, ikarudi ina lengelenge juu ukubwa wa chapati. Akaniambia pole bro, ile jua ya leo haikuwa ya kawaida. Jua lilikuwa la kawaida kabisa. Tulikosana wiki moja, akanunua pilau, yakaisha.

Wanaoniuliza kuhusu kuibeba kwenda nayo nyumbani, mi nasema hivi, kipindi cha kusi Coco kuna mawimbi na mwambao wote una sehemu zake, lakini maji yakitoka miamba inakaa wazi na chini sio mchanga mtupu kama Muizenberg. Hapo bodi ya sponji yenye mapezi laini ndo utaishukuru mara mbili, na uende maji yamejaa, na uwaulize wavuvi kabla hujaingia, wanajua mkondo unatokea wapi. Na uulize shirika la ndege urefu wa mzigo KABLA ya kukata tiketi.

Ile ya kwanza ilikaa pembeni ya kabati karibu mwaka mzima na pango lake. Nikaitangaza kwa ukweli wote, kwamba imetobolewa na fundi asiye fundi, kwamba imekunywa maji, kwamba kwa anayeanza ni mateso. Nikaweka randi 700. Akaja bwana mmoja mwenye baa, hasefu kabisa, hata kuogelea hajui, anataka kuitundika ukutani juu ya friji za bia. Akaishika, akarudi hatua tatu nyuma akaiangalia, kama nilivyoiangalia mimi siku ile kwenye maegesho. Akasema ni nzuri sana hii. Akanipa 500, afu akauliza kama naweza kumwachia na mapezi, maana yanapendeza.